Herufi Chini ya Tai

Homa Bay wananijua kama mtu wa misumari na mabati, na sijawahi kuwapa sababu ya kunijua vingine. Kwamba ninakusanya sarafu za dhahabu za Marekani, zile za karne ya kumi na tisa, nilimwambia mke wangu peke yake, naye alicheka mpaka akakaa chini. Wenzako wananunua ng'ombe, alisema, wewe unanunua pesa kwa pesa. Tangu siku hiyo nikafunga mdomo.

Na huo mkusanyo ni jina kubwa tu. Nina sarafu moja. Ni ya dola mbili na nusu, ndogo kuliko shilingi yetu, na niliinunua Nairobi kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka lake la vito. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke, upande wa pili tai aliyekunjua mabawa. Ilipigwa kwenye kiwanda kikubwa, pamoja na nyingine nyingi sana, na wajuzi wa mambo haya hawaigeukii mara mbili. Nyingine zote ninazozipenda ni picha kwenye simu.

Ni kwenye simu hiyo nilikojifunza habari ya herufi. Sarafu za viwanda vidogo zilipigwa herufi chini ya tai, na mojawapo ya zile zinazotafutwa sana ni D, ya mji mdogo wa milimani uitwao Dahlonega. Watu walichimba dhahabu pale, na serikali ikawajengea kiwanda palepale. Hilo liliniuma. Migori wanachimba mpaka leo, wanashuka shimoni kwa kamba na tochi, na dhahabu inaondoka bila hata herufi moja ya kusema ilizaliwa wapi.

Halafu nikakumbuka kwamba D hiyo nilishawahi kuishika.

Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, alifanya kazi usichanani mwake nyumbani kwa muuguzi mzungu wa misheni, na huyo muuguzi alipokuwa anarudi kwao alimwachia sarafu ya dhahabu, ya ukubwa uleule wa hii yangu. Nilipokuwa mdogo, Mbita, siku za Sabato tukitoka kanisani, Dani aliifungua kutoka pembe ya leso akaniacha niishike, ikiwa tu nilikaa kimya wakati wa mahubiri. Aliniambia ile D ni ya Dani. Sikuwa na sababu ya kubisha.

Alipofariki, sarafu ilimwendea shangazi yangu aliyeolewa Ndhiwa, ambaye kwa Kijaluo namwita waya. Kwenye matanga alinisukumia mkononi, akasema mimi ndiye niliyekuwa nikiipenda. Nikakataa, eti adabu. Adabu hiyo naijutia mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoelewa ile herufi ni nini, nilimpigia waya simu kumwomba ile sarafu. Akacheka.

"Umechelewa, nyathina, mwanangu. Nimeshakutumia."

Alikuwa amekwenda Migori kupimwa macho, maana ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemziba pande zote mbili. Akaona bora amwachie sarafu rafiki yangu wa huko, mnunuzi wa dhahabu niliyesoma naye, kwa kuwa kila nikienda kuchukua mabati napitia kwake. Nilifunga duka saa hiyo hiyo.

Rafiki yangu alinipokea kwa furaha kubwa.

"Omera, ndugu yangu, shangazi yako ameleta kitu yako. Lakini ilikuwa imechanganywa na shaba. Nimekutolea yote."

Akafungua kiberiti. Ndani yake, juu ya pamba, kulikuwa na kidonge cha dhahabu kisichozidi punje ya hindi, cha manjano safi kabisa.

Lazima nimtendee haki. Katika kazi yao, dhahabu haipimwi kabla ya kuchomwa, na kumkabidhi rafiki dhahabu yenye shaba ni kumpa mgeni unga usiochekechwa. Alikuwa ameiyeyusha kwa moto wa gesi, akaichemsha kwenye asidi, akairudia tena mpaka akaridhika. Kazi ya asubuhi nzima, ya bure, kwa ajili yangu.

"Sijaguza hata kidogo," akasema, akanisogezea mizani. "Pima."

"Na yule tai?"

"Tai gani? Ah, ile picha. Si ilikuwa imeisha?"

Nilitamani kukirusha kile kiberiti barabarani. Nikamwambia asante. Miaka yote nimekaa kwenye benchi lake nikimsimulia bei ya mabati, angejuaje? Nilimkasirikia wiki nzima, na kila nilipotafuta kosa lake sikuliona.

Juzi waya alikuja kwangu. Anafanyiwa upasuaji wa macho hapa Homa Bay, jicho la kwanza kesho. Baada ya chai alinyoosha mkono.

"Nipe ile ya mama niishike."

Kile kidonge kilikuwa mfukoni mwa shati langu. Niliingia chumbani, nikatoa sarafu yangu, ile ya kiwanda kikubwa, nikamwekea kiganjani. Kidole gumba chake kilienda moja kwa moja kwa tai, kikafuata bawa moja, kikarudi.

"Yuko," akasema. Nilikuwa sijamwona akitabasamu hivyo tangu matanga. "Na ile D, bado inaonekana?"

Niliangalia pale chini ya tai. Ni patupu, kama palivyokuwa siku zote.

"Inaonekana, waya."

Akanirudishia sarafu, akanifunga vidole juu yake kwa mikono yake miwili.

"Iweke karibu," akasema. "Wakinitoa bandeji, hiyo ndiyo nataka nione kwanza."