Nilivyomlisha Ndama Wangu Majani ya Bondeni

Harufu ya majani yaliyokatwa na umande wake bado inanichanganya. Wengine wakiisikia hufurahi kwamba mvua zimekuja. Mimi moyo hunienda mbio, nisijue kama ni furaha au aibu. Masika yale nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Bugwema, na baba alikuwa amempa ndama jike jina langu, Nyangeta, kwa kuwa alizaliwa siku niliyotoka kulazwa kwa malaria. Nikimkuza vizuri, baba alisema, atakuwa wangu. Akidumaa, ataswagwa na wenzake kwenda mnadani Bunda.

Nilimpenda kupita kiasi. Alipoanza kula majani, kila alfajiri kabla ya shule nilishuka na mundu hadi bondeni, mahali ng'ombe wa kijiji kizima walipokunywa maji na kuacha mavi, kwa sababu hapakuwa na majani laini kama yale. Niliyakata hadi chini kabisa, nikamletea yakichuruzika maji. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyomlisha ndivyo alivyokonda. Manyoya yalimsimama, akaharisha, mbavu zikahesabika, chini ya taya pakavimba. Tumbo, hata hivyo, lilikuwa kubwa. Wenzake walipokimbilia malisho, yeye alinusa tu na kugeuza shingo. Sikuelewa. Mwenye njaa anakataaje chakula?

Baba alikwisha kumjua mkosaji, naye ni mama.

"Mama Nyangeta, unamkamuaga mama wa huyo ndama mpaka maziwa yanaisha," alisema. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe huyu unamlea awe mbuzi."

Mama aliacha kukamua, nasi tukanywa uji bila maziwa kwa wiki mbili. Ndama akabaki na maziwa yote peke yake, na bado akakonda. Nilimkuta mama jikoni akilia, akasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa. Kwa kutaka kumsaidia, nikaongeza majani.

Ndipo bwana mifugo alipopita kijijini kuchanja ng'ombe. Alimfunua ndama jicho, akaona ndani peupe kama pasipo damu, akatikisa kichwa.

"Huyu ana minyoo ya tumbo," alisema. "Inamharibu tumbo kwa ndani, hamu ya kula inapotea. Hata hicho kidogo anachokula hakimjengi. Majani mnakataga wapi?"

Nilijibu upesi, kifua mbele, nikingoja kusifiwa. "Bondeni, pale ng'ombe zinanyweaga maji! Ninaendaga mimi, alfajiri, umande haujakauka."

Alinitazama kwa huruma. Akaeleza taratibu kwamba mayai ya minyoo hutoka na mavi, yakianguliwa vijidudu vyake hupanda kwenye majani mabichi, na umande ndio unaovisaidia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Kilichomla ndama wangu kilitoka mkononi mwangu. Baba alimtazama mama, kisha akatazama chini. Hakuomba radhi. Jioni ile alikwenda kuchanja kuni mwenyewe, akazibeba hadi jikoni, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya.

Ndama alinyweshwa dawa kwa chupa ya soda. Baada ya siku chache hamu ilimrudia, na aliponiona tu natoka nyumbani alinikimbilia kwa miguu yake miembamba, akitafuta majani. Sikuwa nayo, nilikuwa nimekatazwa. Akanilamba viganja vitupu, kimoja baada ya kingine. Nilicheka huku nalia, nisijue kama nastahili. Hakukua kama wenzake tena, lakini siku ya mnada ilipofika baba alisema tu, "Huyo mwacheni."

Leo nauza dagaa sokoni Mwigobero na nina ng'ombe wangu kule kule Bugwema. Dawa ya minyoo wanapata kwa wakati, na hakuna ndama anayetolewa kabla jua halijakausha umande. Wamenenepa, wanang'aa, kila mtu ananisifu. Nikifika zizini huinua vichwa, hunitazama, kisha huendelea kula. Hakuna hata mmoja anayenikimbilia.