Nilisugua mabehewa ya mwanangu yang'ae, sasa hataki kuniona

Admin, ficha jina langu na la mtoto, lakini sifa zake usifiche. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, nauza mitumba hapa Ruiru. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mnisamehe nikikosea. Nina kijana mmoja tu, nitamuita Kamau, ana miaka thelathini na mbili, ni fundi wa stima na amepanga Mwiki. Huyo Kamau wangu anaunda treni! Si mchezo wa watoto. Anaunda mabehewa madogo, urefu kama kutoka kiwiko changu hadi vidole, yanatembea kwa reli nyembamba ndani ya bustani. Wenu wanaunda nini?

Reli yenyewe iko Thika, kwa mzee mmoja Singasinga ambaye Kamau alienda kumuwekea taa. Mzee ameizungusha kwa bustani, inapita chini ya mawaridi, inavuka kidimbwi kwa daraja. Siku hiyo Kamau alirudi kwangu akashindwa kula. "Mami, ni kama ile reli ya mkonge ya Baba." Baba yake akiwa kijana alifanya kazi shamba la mkonge upande wa Thika, na mkonge ulikuwa unabebwa na treni ndogo namna hiyo.

Wengine huagiza mabehewa kutoka ng'ambo kwa bei ya ng'ombe wa maziwa. Wangu aliunda yake na takataka. Mbao ni za kreti za maembe. Ekseli ni spoki za baiskeli. Magurudumu ni yale ya milango ya kioo ya kuteleza, alipewa na fundi wa aluminiamu, akaongezea kila moja washa, kile kiduara cha chuma chenye tundu, ndio isitoke kwa reli. Nani alimfundisha? Kichwa chake tu. Na baba yake. Mzee wangu alikuwa amepigwa na stroki, upande wa kulia ukakufa, basi kila Jumapili mchana Kamau alikuja kuundia kwa varanda yetu, mzee akimuelekeza na kinywa. "Hapana, hiyo ilikuwa pana. Mnyororo unakaa hapa, wewe!" Wakicheka. Mimi saa hizo nilikuwa mkutano wa akina mama wa kanisa, kwa hivyo mengine yalinipita.

Mzee alituacha mwaka jana. Mabehewa sita yakabaki kwa kabati yangu.

Mwaka huu mzee wa Thika akaita wageni wake wenye treni, na akamwambia Kamau alete zake. Kamau akanipigia simu. "Mami, nakuja Jumamosi asubuhi kuyachukua. Tunaenda na wewe." Ngai, nilitangaza hadi kwa watu siwajui! Ijumaa nikayatoa niyaone. Wuui. Kutu, masizi, matope yamekauka kwa magurudumu. Nikasema mtoto wangu hatatoka kwangu kwenda kwa watu wa bustani na vitu vichafu, watauliza mama yake ni wa aina gani. Mnajua venye tulilelewa, hata kiatu cha mgeni unapangusa. Nikachukua sabuni na waya wa sufuria, nikasugua hadi mikono ikauma. Halafu nikapaka mafuta kidogo, yakang'aa kama sahani za harusi. Nikayapanga mezani nikangoja kusifiwa.

Kamau akaingia akasimama.

"Mami, umefanya nini?"

"Nimekusaidia! Ulitaka kwenda na kutu hivyo?"

"Ile kutu niliipaka mimi." Aliongea polepole, kama mtu anaongea na mgonjwa. Kumbe alikuwa analoweka waya huo huo wa sufuria kwa siki wiki nzima ndio apate rangi ya kutu. Na masizi yalikuwa ya jiko langu. Alitaka yafanane na yale ya shamba. Mimi nikacheka, nikamwambia basi paka tena, masizi si nimejaa nayo hapa?

Hakucheka. Aliinua behewa la kwanza, akaligeuza upande huu na huu.

"Hapa kulikuwa na ishirini na nne ya chaki."

"Hiyo nilipangusa na kitambaa. Ilikuwa imepinda, nikadhani ni watoto wa jirani."

Akakaa chini kwa sakafu, mwanaume mzima. "Baba ndiye aliandika, Mami. Na mkono wa kushoto."

Ndiyo ilikuwa namba ya behewa la mzee kule shambani, ambako karani aliandika zote na chaki. Kamau hakupaka vanishi kwa sababu vanishi inameza chaki. Aliiacha hivyo, akaniamini na kabati yangu.

Thika hatukuenda. Alisema tu, "Usiyaguse tena," akayaacha mezani akatoka. Ni miezi miwili sasa. Nikipiga simu ananiambia yuko kazi. Kanisani wananiuliza treni ya Kamau iliendaje, na mimi na huu mdomo wangu nasema walipiga makofi hadi wakasimama.

Sasa mzee wa Thika amenipigia, kumbe Kamau alimweleza yote, na anaita wageni tena mwisho wa mwezi. "Mama, yaleteni hata yakiwa safi."

Wiki jana nilichukua chaki, nikaishika na mkono wa kushoto, nikaandika kwa kipande cha mbao. Ishirini na nne. Ilitoka imepinda vile vile, na mkia wa ile nne umeangukia pembeni. Kumbe siku ile niliiona vizuri kabla sijaipangusa. Nililia hadi nikaifuta na machozi.

Nyinyi mlio na watoto, na nyinyi mlio watoto, niambieni. Niiandike kwa behewa ndio mwanangu akubali kwenda Thika, ama nimpe chaki aandike mwenyewe, ama hapo pabaki wazi hivyo? Aliniambia nisiguse. Nifanye nini?