Mama Mkwe Ameficha Tena Kitu Ndani ya Unga

Admin, jina langu lifiche vizuri, kwa sababu mke wangu yuko kwa hii page na mama yake husomewa kila jioni.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nne, karani wa ofisi hapa Embu. Nimeoa Meru, kwa watu wazuri wa kanisa na majani chai. Silewi, sina mpango wa kando. Shida yangu ni unga.

Mwaka jana kazi ilinituma Ujerumani kwa mafunzo. Habari ziliwafikia wakwe kabla sijapata viza, na mnajua vile huwa: mmoja akisafiri, ukoo mzima una mzigo. Mama mkwe akaja na mfuko wa unga wa wimbi, mdomo umeshonwa kwa uzi wa gunia, wa kumpelekea kijana wake mkubwa anayefanya kazi huko. "Baba Kendi," akaniambia, "usiufungue. Utaingia hewa." Sasa wewe uliyeoa, niambie, ni mkwe gani hufungua mzigo wa mama ya mke wake? Nikaupakia vile ulivyo.

Uwanja wa ndege Nairobi nikaulizwa kama nimepakia sanduku mwenyewe. Nikasema ndiyo, maana ni mimi nilipakia. Sanduku likaenda zake, mimi nikaketi karibu na mlango wa kuingilia ndege nikijiona mtu wa maana. Halafu nikasikia jina langu kwa spika, majina yote matatu, vile mwalimu mkuu huita.

Nilishukishwa kwa chumba cha chini. Sanduku langu lilikuwa wazi mezani, na maafisa wawili wamesimama mbali nalo kidogo. Mashine ilikuwa imeona betri, nyaya na tepu.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni unga wa wimbi."

"Unga uko na nyaya?"

Wakaniambia nichimbe mwenyewe. Kwanza ikatoka eriali. Jamani, ilikuwa redio ya marehemu baba mkwe, ile aliyosikilizia matangazo ya vifo mpaka likasomwa lake. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, na fundi mmoja wa soko la Gakoromone akaifungia betri za laptop kwa nyuma, akazungusha tepu nyeusi. Mama alitaka kijana wake awe na kitu cha baba yake. Na aliificha kwenye unga kwa sababu kwake kila kitu cha maana hukaa kwenye unga, na mwizi hajawahi kukipata.

Nikaomba niibebe mkononi. Yule afisa wa kike alinihurumia kweli. "Redio ya kawaida ungeingia nayo. Simu, laptop, hata powerbank, hizo beba mkononi, usiweke kwa sanduku. Lakini hii ya tepu haiendi popote, baba. Uko na mtu hapo nje umpatie?"

Walionisindikiza walikuwa washafika Makutano wakirudi nyumbani, wanakunywa chai. Nikaomba basi watoe betri nibaki na redio. Fundi alikuwa amezichomelea mpaka ndani, na hapo hakuna aliyetaka kuzing'oa. Ndege ilikuwa inaitwa. Nikaiacha, nikapanda nikiwa mweupe kwa unga mpaka kope.

Niliporudi nikaeleza yote. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mimi nilimzika. Wewe umemtupa. Na nani alikutuma kuchokora unga wangu?"

Tangu siku hiyo hajanywa hata chai kwangu. Huja, huketi, huomba, huenda. Mke wangu husema, "Wewe nyamaza tu, itaisha." Nimenyamaza. Haijaisha. Nimechoka kuwa mwizi kwa nyumba yangu mwenyewe.

Sasa mama anasafiri mwenyewe. Kijana amemtumia tiketi akaone mjukuu. Ni Ijumaa hii, na mwenye gari ni mimi. Jumapili alileta sanduku lake kwangu lipimwe, na ndani mfuko mwingine wa unga, mdomo umeshonwa vilevile. Nikaliweka kwa mizani, na unga ukaita. Ukaita wimbo wa kanisa, ubeti mzima. Simu ya mama ya kila siku ni kale kadogo anakofunga kwa leso. Hii ilikuwa ile kubwa aliyonunuliwa na kijana, ya kuonana uso kwa uso. Mke wangu akaangalia dari. Mama akaniangalia machoni, mara ya kwanza tangu redio.

"Baba Kendi, umesikia kitu?"

"Hapana, mama."

"Hata mimi."

Leo ni Jumatano na bado inaita. Simu gani hukaa hivyo bila chaji? Kwa hivyo najua humo ndani kuna powerbank pia, na hiyo ndiyo hawataki kabisa kwa sanduku. Nikimwambia, nimechokora unga wake tena. Nikinyamaza, ataitwa kwa spika, ashukishwe kile chumba peke yake, mama wa miaka sabini na kitu asiyejua Kiingereza.

Mungu anisamehe, kuna saa nataka achimbe. Achimbe, aone, halafu anipigie aseme, "Kumbe." Kisha nakumbuka vile ule unga ulikaa kwa kucha hata baada ya kuoga.

Wenye wakwe, nishaurini kabla ya Ijumaa. Nikate huo uzi, ama niiachie mashine imwambie? Msichelewe kunijibu. Sanduku liko hapa nyuma ya kiti changu, na kijana wake anapiga tena.