Nani Anapunguza Spidi ya Mota Yangu?

Mcheke, lakini mnisikize kwanza. Mimi ni opareta kwenye kiwanda cha vyuma hapa Ruiru. Msimu huu wa baridi, kila asubuhi mota ya konveya, ule mkanda wa kubeba vyuma, ilikuwa inapunguza spidi nikiwa hapo hapo. Narudisha juu ile nobu ya spidi, kile kishikio cha kuzungusha, nageuka kidogo, mota imelegea tena.

Nikajua ni Kamau, fundi wa stima. Anataka kazi yangu apewe shemeji yake. Kila akipita ananiuliza, "Mashine iko sawa, buda?" huku anatabasamu. Nani hutabasamu asubuhi bila sababu?

Nikamwita supavaiza, Mama Shiru, aje amshike huyo mchawi. Joto la tanuri lilikuwa limenizidi, kwa hivyo nikavua koti langu zito, nikalitundika pale ninapolitundika siku zote, nikamkazia Kamau macho.

Mota ikaanza kulegea.

"Umeona? Ni yeye!"

Kamau alikuwa kule mlangoni, mikono mfukoni. Mama Shiru aliinua koti langu polepole. Lilikuwa limening'inia kwenye nobu ya spidi, na uzito wake umeizungusha hadi chini.

"Mchawi nimemshika," akasema, akilinusa. "Na ananuka jasho lako."