Tulivyopima Safari za Ndege kwa Maharagwe

Wenzangu mliokunywa maziwa ya shule ya pakiti za pembe tatu, mkaipuliza pakiti tupu na kuipasua kwa kisigino nyuma ya mwalimu wa zamu, nyinyi ndio ninaowaandikia. Watoto wa siku hizi nikiwaambia kwamba tulirusha ndege hapa Malinya, wananiuliza tulikuwa na kompyuta aina gani. Tulikuwa na tangi.

Tangi lenyewe lilikuwa la chuma, limeachwa na Wazungu waliochimba dhahabu kabla baba yangu hajazaliwa. Lililala sehemu ya chini ya shamba letu, karibu na kijito ambako kina mama waliosha mchanga kwa karai wakitafuta punje za dhahabu. Lilikuwa na tundu ubavuni la kumtosha mtoto, na ndani kulinuka kutu na mavi ya popo. Kaka yangu Hezroni, aliyenitangulia kwa miaka miwili, ndiye aliyeamua kwamba lile tangi ni ndege. Alipigilia vifuniko vya soda kwenye ubao, akachora mishale kwa mkaa: hiki cha kimo, hiki cha mwendo, hiki cha mafuta. Usukani ulikuwa rimu ya baiskeli. Injini tulizivumisha kwa midomo mpaka midomo ikawasha, na tukitaka kupita kwenye mawingu tulisubiri moshi wa jikoni kwa Mama uteremke. Mimi nilikuwa abiria. Kwa sheria ya Hezroni msichana alikuwa abiria, tena abiria wa kutapika. Nilitapika likizo nzima kutoka Kairo hadi Kisumu, na ile rimu sikuishika hata mara moja.

Njia tulipewa na Kuka, babu yetu mzaa baba. Katika ujana wake alikuwa mdaka kamba Kisumu, wakati ndege kubwa za barua na abiria zilipokuwa zikitua juu ya maji ya ziwa kama bata. Ndege ikifika, Kuka yuko kwenye mashua, anarushiwa kamba, anaidaka na kuifunga kwenye boya. Alifanya kazi hiyo miaka na hakupanda hata siku moja. Lakini vituo vyote alivijua kwa mpangilio, na alitukaririsha kwa matamshi yake kama sala ya kanisani: Alekisandria, Kairo, Lukso, Wadi Halfa, Hatumu, Malakali, Juba, Poti Beli, Kisumu. Ukiruka kimoja unaanza upya.

Msidhani alikuwa mzee wa upole na hadithi. Kuka alikuwa mkali, amegombana na majirani wote na nusu ya kanisa, na kilichomchukiza kuliko vyote ni safari ya haraka. Siku moja alitukuta tumetoka Juba na kufika Poti Beli kwa kuhesabu hadi ishirini. Aligonga tangi kwa bakora mpaka masikio yakaziba.

"Nyinyi mmefika namna gani? Ndege haifikangi mapema! Hiyo ni uongo!"

Kuanzia hapo safari zetu zikapimwa kwa sufuria. Poti Beli hadi Kisumu ilikuwa viazi vitamu. Juba hadi Poti Beli ilikuwa maharagwe. Hatumu hadi Malakali ilikuwa nyoyo, mahindi makavu yaliyochanganywa na maharagwe, ile unayoibandika, ukaenda mtoni, ukarudi, na bado imekukazia macho. Mama akipaza sauti jikoni, "Imeiva!" hapo ndipo Hezroni aliruhusiwa kutua. Tulikaa ndani ya chuma kile saa mbili nzima, jua likitupika, Hezroni akivuta rimu huku na huku. Jumamosi kijiji kizima kilienda kutazama fahali wakipigana, ngoma za isukuti zikisikika hadi bondeni, na sisi tuko juu ya Sudani tunatafuta mto. Sijawahi tena kuwa na raha kama ile, na nasema hivyo nikiwa mwanamke aliyestaafu.

Wajukuu wa leo video ikizidi muda wa kukaanga yai wanasema ni ndefu. Nimewaona wakiisukuma kwa kidole gumba kama mtu anayefukuza inzi. Sisi tulisubiri maharagwe, halafu tukayala.

Hezroni hakuwa rubani. Shule ilimwishia njiani, akahangaika mjini Kakamega, akaoa, akapata binti, kisha mwishoni mwa miaka ya tisini akapata kazi kule Lokichogio, karibu na mpaka wa Sudani. Alipakia magunia ya chakula cha msaada kwenye ndege, akapanda nayo, na walipofika juu ya Sudani kwenye vita aliyasukuma nje kupitia mlango wa nyuma. Barua yake ya kwanza niliisoma mbele ya Mama, wakati kaburi la Kuka lilikuwa halijaota nyasi. Aliniandikia, "Mmbone, nimepita Malakali. Mto uko palepale Kuka alisema." Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi moja ndege yao ilienda upande wa Malakali, ikadondosha magunia, rubani akasema kwenye redio kwamba wanarudi. Haikuonekana tena. Halikupatikana bawa, hakikupatikana kiatu. Walitafuta siku chache, wakasema kule chini kuna vita, wakaacha.

Mnajua desturi yetu mtu akipotea kabisa. Wazee hukata mgomba, wakauvika nguo zake na kuuzika nyumbani, ili awe na mahali pake na walio hai wawe na pa kulilia. Walikuja kumwambia Mama hivyo mwaka wa pili, wakaja tena mwaka wa tano. Aliwafukuza mara zote mbili.

"Ndege imechelewa," aliwaambia. "Nyinyi hamjui mambo ya ndege."

Baba alifariki, wazee wale nao wakafariki mmoja mmoja, na Mama akabaki anangoja. Nilipostaafu ualimu nilirudi Malinya kumtunza. Nikadhani nimekuja kutunza mzee wa miaka themanini, kumbe nimekuja kungoja pamoja naye.

Binti wa Hezroni, Linet, anafanya kazi ya kompyuta mjini. Alikuwa na miaka mitano baba yake alipopotea. Aliniletea zawadi ya kustaafu: kompyuta kubwa, usukani, kanyagio za miguuni na programu ya kurusha ndege. Jamani! Vile vifuniko vya soda vya Hezroni vyote vimo humo, tena mishale inatembea. Ukiwasha injini meza inatetema. Mvua ikinyesha Khartoum, ile Hatumu ya Kuka, kwa kweli, inakunyeshea na wewe. Nilichagua ndege ya kale ya kutua majini na nikaifuata njia ya Kuka kituo kwa kituo, kwa saa zilezile za zamani, bila kuruka hata kimoja. Stima ilipotea mara tatu nikiwa juu ya Wadi Halfa, nikaanza upya mara zote tatu. Nilipotua Kisumu, nikaona maji yakiruka pande zote mbili, nililia. Safari hii usukani ulikuwa wangu, na hapakuwa na abiria wa kutapika.

Ningeishia hapo ningekuwa mwanamke mwenye mchezo wake wa uzeeni, basi.

Alasiri moja nilichukua ndege ya mizigo ya injini mbili, mfano wa ile ya kaka yangu, nikaondoka Malakali kuelekea Lokichogio. Mama alisimama mlangoni akauliza naenda wapi leo. Nikamwambia nafuata njia ya Hezi. Akaondoka mlangoni. Baadaye nikasikia harufu ya moshi, nikajua amebandika maharagwe. Baada ya saa mbili nikatua salama, nikazima injini, na sauti yake ikatoka jikoni.

"Amefika?"

Mungu anisamehe. Nilisema, "Amefika, Mama."

Alipakua sahani tatu, ya tatu akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka mezani. Asubuhi aliwamwagia kuku chakula hicho, na alasiri akabandika tena.

Ikawa ndiyo maisha yetu. Nilijidanganya kwamba natafuta alipoangukia: nilijaribu mvua, nilijaribu upepo wa mashariki, nilipunguza mafuta, nilizima injini moja. Lakini kila hatari ilipokuja nilimwokoa. Nilikuwa fundi sasa, naweza kuitua ile ndege kwa injini moja kwenye dhoruba. Nilimfikisha kaka yangu kila siku saa kumi, karibu mwaka mzima. Mama alifua blanketi lake na kulianika juani, akafagia njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni. Nami kila nikigusa ardhi nilichelewa kuzima injini, kwa sababu nilijua nitaulizwa, na nilijua nitakavyojibu. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimechoka kumfikisha.

Jumapili moja Linet alikuja baada ya kanisa, akaona sahani iliyofunikwa.

"Kukhu, hii ni ya nani?" alimuuliza bibi yake.

"Ni ya baba yako. Amefika saa hizi tu."

Linet alinishika mkono mimi shangazi yake, akanitoa mpaka nyuma ya jiko. Nilitegemea kelele. Alisema polepole, na ingekuwa heri angepiga kelele.

"Senje, hiyo kitu nilikuletea ufurahie. Sasa umefanyia Kukhu nini?"

"Anafurahi," nilisema.

"Mimi je? Mwaka huu nimepita baba yangu umri. Watu wananiulizanga alizikwa wapi, mimi nanyamaza. Sijui niseme niko na baba ama sina. Wewe unamfikishanga kila siku, Senje. Kwangu hajafika hata siku moja."

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikiwa nimeshaamua.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, niliondoka Malakali. Mama akabandika maharagwe. Anga ilikuwa safi, na hilo liliniuma kuliko kama kungekuwa na mawingu. Nilipofika juu ya kinamasi, katikati ya njia, nilizima injini ya kushoto, halafu ya kulia. Nilifikiri ndege itadondoka kama jiwe. Haidondoki. Inateleza taratibu, kimya, na una muda mwingi wa kubadili nia. Mikono yangu ilikuwa inajua la kufanya, ikawa inavutwa kuelekea swichi, ikabidi niikalie. Nikaikalia mikono yangu kama mtoto aliyeadhibiwa darasani na nikatazama matete yakipanda, ya kijani, mazuri, mpaka kioo cha kompyuta kikasimama. Maandishi yakaniuliza kama nataka kuanza tena. Nikachomoa waya.

Maharagwe yalikuwa bado magumu. Mama aliniona nikiingia jikoni mapema, akaanza kuogopa kabla sijasema kitu.

"Amefika?"

"Hapana, Mama. Ameanguka."

Miaka yote hiyo, neno hilo lilikuwa halijatamkwa katika boma letu.

"Wapi?"

"Kwenye matete. Kabla ya mpaka."

Mahali penyewe sipajui; huo nao ulikuwa uongo, ila uongo huu ulikuwa na mwisho. Mama aliinama, akavuta kuni kutoka mekoni moja moja, akazizika kwenye jivu kama mtu asiyetaka kuzipoteza. Alikaa juu ya kigoda mpaka jiko likapoa. Nilikaa karibu naye nikamshika goti, na goti lilikuwa jepesi, halina kitu.

"Mwambie Linet aite wazee," alisema.

Wazee wenyewe siku hizi ni vijana wenye simu mifukoni. Wenye kumjua Hezroni wamekufa au wamehama, na hao waliokuja na mapanga hawakuwahi kumwona. Walisimama kwenye migomba nyuma ya nyumba, mmoja akavua kofia akauliza kwa adabu, "Mama, alikuwa mrefu namna gani? Tujue pa kukata."

Nilifungua kinywa kujibu. Hezroni alikuwa mtu mrefu, aliinama kuingia jikoni kwetu. Lakini Mama alikuwa ameshanyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, akaupandisha kidogo, akaushusha, akaupandisha tena kwa uangalifu wote alionao duniani, na ukasimama mbele ya kifua changu.

"Hivi," alisema.

Hicho kilikuwa kimo cha Hezroni wa darasa la sita, rubani wa tangi. Linet aliniangalia. Ningeweza kumsahihisha Mama kwa neno moja, nami nimesahihisha watu maisha yangu yote. Nikawaacha wakate.

Kaburi lilikuwa limechimbwa la mtu mzima. Mgomba uliteremshwa ukiwa umevikwa shati lake la kazi, mikono ya shati ikiwa mirefu kupita kiasi, na upande wa miguuni ikabaki nafasi kubwa tupu. Nilisikia vijana wenye makoleo wakinong'onezana kwamba mbona huyu ni mtoto. Huwa nawacheka vijana wa siku hizi kwa mengi, na bado nitawacheka, lakini siku ile hawakukosea.