Spoku Kwenye Pedali ya Baba

Mwezi uliopita nilikwenda Sanje kumzika baba mdogo. Sikwenda kwa uchungu, nisikudanganye. Nilikwenda kwa sababu watu wangeuliza mbona sikwenda. Tulipotoka makaburini, wanawake wakiwa wanapakua wali, nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kivuli, na huko kwenye migomba nikaliona gari la baba yangu.

Pikapu ileile ya kijani, ingawa kijani chenyewe kilibaki chini ya milango tu. Kuku alikuwa ametagia kwenye kiti cha abiria. Nilifungua mlango wa dereva, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya usukani. Mwingine angeshika usukani akalia. Mimi ni fundi, niliangalia pedali. Na juu ya pedali ya klachi, baada ya miaka yote hiyo, kilikuwepo kile kipande cha katambuga, kiatu cha mpira wa tairi, kimelika upande mmoja kwa kisigino cha baba.

Ngoja nikueleze, maana wewe umenijua nikiwa tayari na spana mkononi. Hukunijua nikiwa na sketi ya shule.

Tulikuwa tunakaa Ifakara, upande wa kuelekea kivukoni, wakati ule kabla ya daraja. Mama alifariki akimzaa kitinda mimba wetu. Tukabaki na baba: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyenifuata, na yule mdogo kabisa ambaye mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka alipokataa mwenyewe. Baba alikuwa na hiyo pikapu, akibeba mpunga wa watu kutoka Idete kuuleta kwenye mashine za kukoboa. Gari lile lilinuka pumba, jasho na kambale wa moshi. Tulilisikia likiwa bado mbali, na kitinda mimba alikuwa akiacha chochote alichoshika anakimbilia barabarani.

Mpira wa pedali ya klachi ulishakwisha zamani, na miguu ya dereva wa mpunga huwa haikauki matope. Ikateleza mara moja, mbili, basi baba akakata soli ya katambuga lake, akaifunga pale kwa waya. Katambuga la pili alilihifadhi. "Hili ni spea," alisema. Mimi alinifundisha kuendesha mashambani baada ya mavuno, ardhi ikiwa imekauka, majirani wakitucheka: "Mzee, unamfundisha binti gari, jiko atafundishwa na nani?" Baba alijibu kwamba jiko halina klachi.

Safari yake ya mwisho ilikuwa masika. Kwenye tope la njia ya Idete, mkono wa pedali ya klachi ulivunjika pale unaposhikana na fremu. Hakuwa mtu wa kuacha mpunga wa watu porini. Alikaa nao kwenye mvua siku mbili mpaka trekta lilipopita likamvuta. Alirudi anatetemeka. Homa ile haikumaliza wiki, ikamchukua.

Gari likabaki uani, pua ikiwa imeelekea nyumba.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo wakati ule sikulijua vizuri, kwa kuwa mama alipofariki nilikuwa mdogo. Siku ya arobaini, baada ya misa, vitu vya marehemu hutandikwa kwenye mkeka na ukoo hugawana. Nguo, jembe, redio, baiskeli. Lakini hugawana vizima tu. Sufuria lililotoboka, redio isiyolia, hivyo havitandikwi. Hubaki pale nyumbani kwa watoto, na hakuna anayeviulizia.

Siku ya tatu ya msiba, baba mdogo alisema mbele ya wazee, nikisikia kwa masikio yangu nikiwa nagawa togwa: "Hawa watoto watatu nani atawaweza? Gari lingekuwa linatembea, lingewalea hapahapa. Lakini ni bovu. Itabidi kila mmoja achukuliwe na wa kumchukua." Shangazi wa Mahenge akasema yeye atamchukua kitinda mimba. Akamtazama kama anavyotazamwa mwana mbuzi.

Mimi nilisikia ahadi. Gari litembee, tubaki pamoja. Nilikuwa kidato cha pili, na hesabu hiyo niliiona rahisi.

Jirani yetu alikuwa fundi mzee aliyewahi kuangukiwa na giaboksi kiunoni. Hakuweza tena kulala chini ya gari. Nilimwamkia, nikamwambia nataka kutoa pedali. Akaniangalia vidole.

"Unazo spana?"

"Za baba."

"Basi ingia wewe. Mimi nitakaa nje na mdomo."

Siku ya kwanza hatukufungua hata nati moja. Matope ya bondeni yalikuwa yamekauka mle ndani kama udongo wa mfinyanzi, na chini yake kutu. Alinituma nimwagie mafuta ya taa kila nati, tukaondoka. Kesho yake nililala chali, miguu ikining'inia nje ya mlango, shingo imekunjwa, vumbi linaniingia machoni. Kwanza springi inayorudisha pedali. Kisha ile pini inayoshika pedali na fimbo ya silinda ya klachi. Imekatika nusu, nikaitoa kwa koleo. Kisha nati za fremu inayobeba pedali zote mbili, ya klachi na ya breki, mbili zikiwa mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki. Yeye alikaa kwenye kigoda nje, anasikiliza.

"Spana imeng'ata?"

"Imeng'ata."

"Muongo. Nasikia inaruka. Ihisi kwanza na kidole."

Na kweli ilikuwa inaruka. Ngozi ya vifundo vya vidole ilibaki kwenye chuma kile. Jioni ya siku ya tatu fremu nzima ilianguka kifuani kwangu na pedali zake, nzito, imejaa grisi nyeusi, na mimi nikaikumbatia hivyohivyo. Ilikuwa na harufu ya baba. Fundi akasema, "Haya, toka, unalia na kazi haijaisha."

Bushi, zile pete ambazo mkono wa pedali huchezea ndani yake, zilikuwa zimekwisha, ndiyo maana mkono ulicheza mpaka ukavunjika. Tulichonga nyingine kwa kipande cha bomba gumu jeusi la maji. Mchomeleaji wa karibu na mashine za mpunga aliunga mkono wa pedali, akakataa malipo, akasema hiyo ndiyo rambirambi yake. Springi ya zamani ilikuwa imelegea, nikatoa ya tandiko la baiskeli ya baba. Pini mpya hatukuwa nayo, nikakata spoku ya baiskeli ileile, nikaipitisha kwenye tundu na kuikunja huku na huku. Tangu siku hiyo mdogo wangu alikwenda shule kwenye tandiko lililoinama upande, wenzake wakimwita mpanda ngamia.

Fremu ilipokuwa tayari, imesuguliwa, imepakwa grisi, fundi aliiweka mapajani kwake, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Binti, umefanya kazi ya mtu mzima. Sasa ifunge kwenye gunia, iweke uvunguni mwa kitanda. Usiirudishe mpaka arobaini ipite. Gari bovu ni la kwenu. Likiwaka ni la ukoo."

"Lakini baba mdogo amesema likitembea litatulea."

"Nimemsikia. Amesema litawalea. Hakusema nani atashika usukani."

Nilidhani uzee unamfanya mwoga. Na acha niseme ukweli wote: nilitaka wanione. Nilitaka shangazi wa Mahenge anione. Niliirudisha pedali mwenyewe, siku mbili kabla ya arobaini, fundi akiwa ndani kwake amekataa kutoka.

Siku ya arobaini, misa imekwisha, ukoo umejaa uani, vitu vimetandikwa mkekani. Nikaingia garini na sketi yangu ya shule. Nilikanyaga klachi, ikashuka laini na kurudi. Injini ikawaka. Nikaenda mbele mpaka kwenye ua, nikarudi nyuma, nikaenda tena. Wanawake walipiga vigelegele. Kitinda mimba alikimbia kando ya gari kama zamani. Baba mdogo alitoa machozi, na siamini hata leo kwamba yalikuwa ya uongo. Alimpenda kaka yake.

Kisha akafuta uso, akasema, "Mungu mkubwa. Sasa wazee wangu, hili gari tumwachie nani? Mtoto wa kike, wa shule?"

Wazee wakacheka kidogo. Mmoja akasema wahuni watalichukua kabla ya Jumapili. Mwingine akasema gari linataka mwanaume. Ikaamuliwa baba mdogo alichukue, akafanyie kazi Sanje, alitunze kwa ajili ya watoto. Hayo ndiyo yalikuwa maneno: kwa ajili ya watoto. Alininyooshea mkono apewe ufunguo, na mimi, niliyelelewa kutii, nikampa kwa mikono miwili.

Nilisimama nikisikiliza gari likiondoka. Niliomba spoku ikatike. Niliomba gia ipige kelele. Aliingiza ya kwanza, akaingiza ya pili, hakuna hata mkwaruzo. Nilikuwa nimeifanya kazi vizuri mno.

Shangazi alikuwa tayari ameshika mkono wa kitinda mimba. Nikaenda kusimama mlangoni mwa nyumba, nikasema, "Gari mmechukua. Hawa siwatoi." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Walinisema sana, kwamba nina kiburi, kwamba nitarudi kupiga magoti. Lakini waliondoka bila wadogo zangu.

Baba mdogo alileta mkungu wa ndizi, na safari nyingine nusu gunia la mpunga. Kisha hakuleta tena. Shule sikurudi. Nilipalilia mashamba makubwa ya mpunga kule Mngeta, nikasuka mikeka, na jioni nilikuwa kwa fundi jirani, naingia mimi chini ya magari na yeye anakaa nje na mdomo. Hakuwahi kuniambia, "Nilikwambia." Wakati mwingine nilitamani aniambie. Wadogo zangu wamesoma. Mmoja yuko Dodoma, mwingine Mbeya, wananipigia sikukuu. Hawalikumbuki vizuri lile gari. Kitinda mimba anasema lilikuwa la bluu.

Sasa turudi kwenye migomba ya Sanje. Nikiwa bado nimeinama pale, binti mkubwa wa baba mdogo alikuja nyuma yangu. Ana miaka kumi na sita. Ameachiwa wadogo wanne na mama ambaye miguu inamsumbua.

"Dada, shikamoo. Wanasema wewe ni fundi. Baba alipoanza kuumwa klachi ilianguka chini, hatujalitembeza tena. Tukilipata hili tutabeba ndizi mpaka Ifakara."

Nilikuwa nimeshaona. Ilikuwa ni ile spoku yangu, imekatika hatimaye. Kazi ya dakika kumi. Lakini nyuma yake walikuwa wamekuja wazee wa ukoo, baba mkubwa mbele yao, mikono nyuma, wanasubiri jibu la fundi. Arobaini ilikuwa bado mbali.

Nikainuka, nikajifuta mikono, nikasema kwa sauti ya wote kusikia: "Limekufa. Halitengenezeki."

Wazee wakaguna, wakarudi kwenye wali. Binti akabaki ananitazama, na nikaona macho yake yanabadilika.

"Ni kwa sababu lilikuwa la baba yako, eti?" alisema. "Hutaki tulipate."

"Mdogo wangu, ngoja tutaongea."

"Tuongee nini? Mama aliniambia una kinyongo."

Kinyongo ninacho. Ningesema sina, ungenicheka. Akageuka kuondoka, na nilipotaka kumfuata, baba mkubwa alikuwa ameshasimama tena karibu, akinipa sahani. Nilirudi Ifakara. Nilimpigia binti simu siku iliyofuata, na siku iliyofuata hiyo. Hapokei. Nikakata spoku mpya, nikaipima, nikaiweka mfukoni mwa ovaroli, nikasema nitaipeleka mwenyewe arobaini ikishapita, nimweleze yote pale pale nikiwa naifunga.

Jana mama mdogo, mama yake yule binti, alinipigia. Sauti yake ilikuwa na furaha, kwanza nilidhani miguu imepona.

"Mwanangu, ulikosea! Binti kaita fundi wa Mang'ula, kijana tu. Gari limewaka! Kalisafisha, na ule mpira wa katambuga uliokuwa kwenye pedali kautupa, kaweka mpya wa dukani. Wazee wamekuja kuliona, wamefurahi sana."

Nilikaa chini, papo hapo kwenye tairi. Bado siku kumi na moja kufika arobaini. Nilitaka kumuuliza ule mpira umetupwa wapi, jalalani au shambani, na kama mtu anaweza kuutafuta. Lakini nikamuuliza jambo jingine.

"Mama mdogo, ufunguo anao nani?"

"Anao baba yako mkubwa," alisema. "Kasema atautunza yeye, kwa ajili ya watoto."