Neema, nukta, jina letu

Leo huko Mbarara nililia mbele ya fundi wa kompyuta. Musinicheke.

Nilienda kulipia mwaka mwingine jina la tovuti yetu ya familia. Chini ya jina hilo kila mtoto wangu ana anwani yake ndogo: jina lake, nukta, kisha letu.

Fundi akasema, "Mama, hii ya Neema haitumiki. Nifute?"

Neema alitutoka mwaka jana. Hapa kambini Nakivale, kwenye karatasi ya familia ya wakimbizi, walishaliondoa jina lake. Fasi ingine liko wapi?

"Nikiiacha?"

"Haina shida, mama. Jina la familia likibaki, na lake linabaki."

Akaifungua. Kulikuwa na mstari mmoja tu, wa Neema mwenyewe:

"Bado natengeneza. Mama asichungulie."

Nimechungulia, mwanangu.